Kopo la Maharagwe na Dada za Baba

Vuta kiti karibu, na kama una chai usiiache ipoe kwa ajili yangu. Nakuandikia wewe uliyeajiriwa majuzi kwenye kliniki ya akina mama, ambaye viatu vyako vyeupe bado havijapata doa la ayodini. Nimestaafu wiki tatu zilizopita. Kila asubuhi naamka saa kumi na moja, nabandika ile saa ya kifuani juu ya nguo ya kulalia, halafu nakumbuka kwamba humu ndani hakuna wa kupimwa presha isipokuwa mume wangu, na yeye amegoma. Siku hizi nina furaha ya kipumbavu. Nacheka peke yangu jikoni. Ukiniona nimetoka kwenye mstari, nivumilie, nitarudi.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja kwa barua, na barua za serikali hazichekeshi.

Nilianza kazi Olenguruone, kwenye kituo cha afya ambacho msimu wa mvua tope lake lilikuvua viatu bila kukuomba ruhusa. Siku ya kwanza niliingia na kiatu kimoja. Muuguzi mkuu, Sista Filomena, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, aliniangalia miguu akasema, "Karibu. Wengine hufika bila vyote viwili."

Alinipa chumba cha kupanga uzazi. Kufikia saa nne nilikuwa nimehudumia akina mama kumi na mmoja, na nikajiona mashine. Sista Filomena akaja, akafungua faili moja, akaifunga.

"Umewauliza nini?"

"Jina, umri, idadi ya watoto."

"Na kwao?"

"Kwao wapi, Sista?"

"Kwao! Mama yake, dada zake, nyanya yake. Vidonge unavyogawa kama peremende vina homoni. Homoni ikiingia haikuti mtu mmoja, inakuta mwili ulioletwa na ukoo mzima. Uliza kwanza. Kabati baadaye."

Akanifundisha pia namna ya kuuliza. Ukishauliza jambo zito, alisema, meza mate mara tatu kabla ya kufungua mdomo tena. Mara ya kwanza mgonjwa anatazama dirisha. Mara ya pili anatazama viatu vyako, au kiatu chako. Mara ya tatu anasema. Nimemeza mate kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakwambia hakuna chombo cha bei rahisi kinachofanya kazi kama hicho.

Baadaye nikahamishiwa Nakuru, na huko ndiko lilikozaliwa kopo langu. Tulikuwa tumehudhuria mafunzo kuhusu saratani ya matiti inayotembea katika ukoo. Tukafundishwa kuchora familia kwenye karatasi, mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Nikarudi kazini na kalamu mpya na kiburi kipya. Mama wa kwanza niliyemchorea, muuza mboga, aliinamia karatasi muda mrefu, kisha akauliza, "Sista, mbona umenichora kama sufuria?"

Tukacheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa na kikapu chake chini ya kiti, amebeba mahindi na maharagwe ya kupika githeri jioni. Nikamwomba konzi moja ya kila kitu. Mahindi yakawa wanaume, maharagwe yakawa wanawake. Aliyeugua saratani tulimwekea rosekoko, lile haragwe lenye madoa mekundu, na aliyekuwa mzima tukamwekea haragwe jeupe. Katika dakika tano yule mama alikuwa amepanga ukoo wake wote kwenye sinia, anawasemesha kwa majina, anawasukuma kwa kidole, "Wewe sogea huko, ulikuwa na maneno mengi." Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kopo la majani ya chai lililojaa mahindi na maharagwe, na jina langu halisi likafa. Mji mzima uliniita Mama Maharagwe.

Tahadhari moja ya kiufundi. Usiache sinia mezani wikendi nzima. Mimi niliacha, na Jumatatu nikakuta ukoo mzima wa vizazi vitatu umetoweka. Mzee Barasa, mlinzi wetu, alikiri bila aibu.

"Zilikuwa kidogo, Sista. Nikaongeza viazi."

"Mzee, umekula familia ya watu!"

"Walikuwa watamu," akasema.

Tangu hapo, nilinakili kila sinia kwa penseli kabla ya chakula cha mchana. Nawe nakili.

Sasa nikupeleke kwa Mwalimu Cherono, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha zaidi, na nilikaribia kumkosea vibaya.

Alikuja miaka kama kumi iliyopita. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Njoro, mama wa watoto watatu. Uvimbe kwenye mfuko wa uzazi ulimfanya avuje damu nyingi kila mwezi. Daktari alikuwa amemwandikia vidonge vya homoni vya kupunguza damu, na kazi yangu ilikuwa kuuliza habari za ukoo kabla ya kumpa. Nikamwaga kopo. Upande wa mama yake ulijaa maharagwe meupe, mazima, yanayong'aa. Upande wa baba tukapanga mahindi matano. Nikauliza, "Watu wa kwenu ndio hawa wote?" Akasema ndio. Nikaandika kwenye faili kwamba hakuna saratani katika ukoo, nikampa dawa, akaenda zake Njoro.

Saa saba nimekaa na bakuli langu la githeri, macho yakaangukia lile sinia ambalo sikuwa nimeliondoa mezani. Nikaacha kutafuna. Mahindi matano kwenye mstari, na hakuna haragwe hata moja. Nikajisemea, wewe mama, hata shamba la mahindi matupu huota haragwe moja lililojipandia. Baba na ndugu zake wanne wa kiume, na hakuna msichana aliyezaliwa?

Nikampigia simu.

"Mwalimu, umefika?"

"Nimeshuka sasa hivi, Sista. Kuna nini?"

"Vile vidonge umeshakunywa?"

"Bado, natafuta maji."

"Achana na maji kwanza. Baba yako ana dada wangapi?"

Nikameza mate mara tatu, na nilikuwa bado na githeri mdomoni kwa hiyo haikuwa rahisi.

"Dada wa baba? Wako wanne. Lakini hao waliolewa zamani, Sista. Uliniuliza watu wa kwetu. Hao ni wa huko walikoolewa."

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu, na ni kosa ambalo nadhani hutokea kwetu huku zaidi kuliko kwingine. Msichana akiolewa, tunamhesabu kwa waliomwoa. Ugonjwa wake ni wa huko, na mazishi yake ni ya huko. Lakini mahari ilimhamisha yeye, haikuhamisha damu aliyozaliwa nayo pamoja na kaka zake. Kuna wanawake wanaozaliwa na kasoro kwenye jeni ambayo kazi yake ni kurekebisha chembe za mwili zinazoharibika. Wao huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti, na ya ovari pia. Kasoro hiyo haichagui upande. Baba anaweza kuibeba, mara nyingi bila kujua, na kila mtoto wake, awe wa kike au wa kiume, anaweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Fomu zetu ziliuliza kuhusu mama na dada. Nami, pamoja na kopo langu maarufu, niliiga fomu.

"Mwalimu," nikamwambia, "vidonge viweke kabatini. Yupo shangazi aliye hai?"

"Wako wawili. Mmoja yuko Olenguruone. Lakini huyo ni mkali."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Olenguruone, safari hii nikiwa na viatu vyote viwili. Shangazi Taprandich alikuwa na miaka kama sabini, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, na alitusubiri langoni kama karani wa mahakama.

"Ndiye huyu mwenye kopo?"

"Ndiye, Shangazi," Cherono akajibu.

"Ingieni. Wewe daktari, kaa hapa."

"Mimi ni muuguzi, mama."

"Sawa, daktari. Kunywa chai."

Chai ilikuwa ya maziwa matupu, na nilikunywa vikombe viwili kabla ya kuruhusiwa kusema lolote. Kisha nikamwaga mahindi na maharagwe mezani, nikamweleza kila punje ni nani. Nikamwonyesha ule mstari wa mahindi matano. Nikasema, "Mama, hapa naona kaka zako tu. Ninyi wasichana mko wapi?"

Mate mara moja. Mate mara mbili. Cherono akataka kusema, nikamkanyaga mguu. Mate mara tatu.

Shangazi akaingiza mkono ndani ya sweta, akatoa bonge la sufu lililofungwa vizuri kwa kitambaa, akaliweka mezani katikati ya mahindi.

"Mmoja huyu hapa," akasema. "Titi langu la kushoto. Ni la kondoo wangu mwenyewe, yule mweupe. Lile la Mungu walilikata hospitali nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na watoto wangu walikuwa bado wadogo."

Cherono alifunika mdomo. "Shangazi! Mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Baba zako wakija hapa huuliza ng'ombe wamezaa wangapi. Huuliza mvua. Nani aliwahi kuuliza titi?"

Mimi nilicheka kwanza, Mungu anisamehe. Shangazi akafuata, na mwishowe Cherono, huku machozi yakimtoka. Kisha yule mama akachukua kopo na kuanza kuchagua mwenyewe, polepole, kama mtu anayechagua mbegu za kupanda. Rosekoko la kwanza, lenye wekundu mwingi, akaliweka mwanzo wa mstari. "Dada yetu mkubwa. Titi. Alikuwa na kicheko unachosikia ng'ambo ya mto." La pili. "Huyu tumbo lilijaa maji, wakasema ni saratani ya huko ndani, kwenye mayai." La tatu lilikuwa haragwe jeupe. "Huyu mzima kama nguzo, na anajua, anaringa." Akatafuta la nne muda mrefu, akapata rosekoko lililobanduka ngozi upande mmoja. "Na huyu ni mimi."

Nikahesabu rosekoko kwa kidole. Watatu kati ya wanne. Hapo kila mtu aliona kilichokuwa hatarini bila mimi kusema neno. Cherono alikuwa na umri uleule aliokuwa nao shangazi alipougua.

Ukipata familia ya namna hii, kipimo cha jeni kianze na yule aliyeugua, kwa sababu kwake ndiko kasoro inakoweza kuonekana wazi. Ndivyo daktari alivyofanya. Damu ya shangazi ilisafiri mbali, tukasubiri wiki nyingi, na jibu likarudi kwamba kasoro ipo. Kisha ikasafiri ya Cherono. Jibu lilikuwa lilelile.

Alilia siku moja. Siku ya pili alikuja na daftari la hesabu lenye maswali ishirini na mawili, yamepewa namba. Baada ya kuzungumza na daktari mara kadhaa na kumleta mumewe asikie kwa masikio yake, aliamua kutolewa ovari na mirija yake, kwa kuwa alikuwa amemaliza kuzaa, na mfuko wa uzazi wenye uvimbe ukatoka safari hiyohiyo. Matiti aliamua yabaki, yakaguliwe kila mwaka kwa mashine. Mwingine angeamua vingine. Usimwamulie mtu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kisha joto likaanza, lile la hedhi iliyokomeshwa ghafla.

Unaijua Njoro mwezi wa Julai, asubuhi, ukungu umelala juu ya ngano. Cherono aliingia ofisini kwangu ana blauzi nyepesi, amebeba sweta mkononi kama mtu aliyekamata mwizi.

"Sista, leo nimevua sweta mbele ya darasa mara nne. Njoro, ambako hata mbuzi wanatetemeka! Wanafunzi wananiita Madam Jiko."

"Na usingizi?"

"Usingizi gani? Jana nimesahau jina la mwanangu. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye mkoba." Akakaa. Sauti ikashuka. "Najua kuna dawa ya homoni ya kutuliza hii kitu. Lakini si homoni ndizo tulikuwa tunazikimbia? Niambie ukweli. Nikae nichomeke, au ninywe nife kama shangazi zangu?"

Hilo ndilo swali utakaloulizwa, mwenzangu, kwa maneno haya au mengine. Usilikimbie. Mimi nilivuta kiti upande wake wa meza.

"Mwalimu, wewe una shamba. Mbolea hupanda magugu?"

"Hapana. Inayakuza yakiwepo."

"Basi estrojeni ni mbolea. Haitengenezi ile kasoro uliyozaliwa nayo. Lakini chembe mbaya ikiwa imeota kwenye titi, inaweza kuilisha. Sasa, ovari zako zilikuwa lori la mbolea linalomwaga kila mwezi, na zingeendelea kwa miaka mingine karibu kumi. Hilo lori limeondoka. Dawa anayofikiria daktari ni kijiko."

"Kijiko ni kijiko, Sista."

"Ndiyo. Sitakudanganya kwamba ni maji. Ndiyo maana tunauliza maswali."

Nikamweleza kama nilivyofundishwa, na nakueleza wewe vilevile. Mwanamke mwenye kasoro hii ambaye hajawahi kuugua saratani ya matiti, na ovari zake zimetoka kabla ya wakati, madaktari wengi huona kwamba kiasi kidogo cha homoni kwa muda, mpaka karibu na umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, hakifuti faida ya upasuaji. Mwili uliokosa estrojeni mapema una matatizo yake pia, mifupa hudhoofika na moyo huathirika. Kuna tofauti nyingine unayopaswa kuijua. Aliye na mfuko wa uzazi huhitaji homoni ya pili, projesteroni, ili kuulinda mfuko huo, na mchanganyiko wa hizo mbili ukitumika kwa miaka ndio unaotia wasiwasi zaidi kuhusu titi. Cherono hakuwa na mfuko tena. Alihitaji estrojeni peke yake, iliyo nyepesi zaidi kwa upande huo. Daktari alirudia yote haya kwa maneno marefu zaidi, akakagua matiti kwanza, yakawa safi, ndipo akaandika.

Cherono alikunywa kidonge cha kwanza mbele yangu, na maji safari hii. Baada ya wiki sita nilipokea ujumbe kwenye simu: "Leo sweta halijatoka mwilini. Darasa limehuzunika." Ile barua ya kuacha kazi aliitumia kuwashia jiko.

Shangazi Taprandich aliposikia, akashuka Nakuru mwenyewe.

"Daktari, nipe na mimi hivyo vidonge. Nataka kurudi usichana."

"Mama, wewe hapana."

"Kwa nini? Huyu mtoto anapata, mimi ninyimwe?"

"Wewe saratani ilishakaa kwenye titi. Aliyewahi kuugua tunamwepusha na homoni hizi, zisije zikaamsha kilicholala."

Akanitazama, akaitazama kofia yangu. "Sawa. Basi usichana utanipita." Akaomba chai.

Miaka ikaenda. Kila mwaka Cherono alikuja kukaguliwa, kila mwaka nilikaa naye kwenye benchi la nje tukisubiri picha, na kila mwaka mimi ndiye niliyeuliza saa mara nyingi zaidi. Binti yake mkubwa, Chepkemoi, alipoingia chuo aliuliza kuhusu vidonge vya kupanga uzazi. Nilimwambia vina pande mbili, kwamba unapovitumia hatari ya titi hupanda kidogo na ile ya ovari hushuka, kwa hiyo aende kwa daktari akiwa na sinia lake mkononi. Kama atapima jeni au la bado anaamua. Haragwe lake ameliweka wima kati ya jeupe na rosekoko, na hatumharakishi.

Siku yangu ya mwisho kazini walinifanyia keki. Mzee Barasa alihutubia, akaomba msamaha rasmi kwa familia aliyoila. Kabla hatujamaliza kucheka mlango ukafunguliwa, akaingia Cherono, miaka hamsini na mmoja, sweta mwilini, picha za mwaka huu mkononi, safi. Nyuma yake Shangazi Taprandich, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika titi la kushoto lisihame.

Cherono alitoa pakiti tupu ya vidonge. "Cha mwisho nimemeza jana, Sista. Daktari amesema umri umefika." Akafungua kopo langu, akaitumbukiza pakiti ndani, akafunga kifuniko na kulitikisa. Mahindi na maharagwe yakalia kama kayamba. Yule bibi, nakuapia, akacheza. Na mimi nikacheza, na keki ikaanguka, na hakuna aliyejali.

Alipochoka alinivuta sikio. "Nikuambie kitu. Kaka zangu waliobaki, siku hizi wakija kwangu, wanauliza titi kwanza. Ng'ombe baadaye."

Kopo nimeliacha kwenye droo ya pili ya meza uliyorithi kwangu, kushoto. Kesho, kabla hujatoa dawa yoyote ya homoni, muulize mgonjwa majina ya dada wote wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, walioolewa mbali na waliofariki pia, na mbele ya kila jina andika aliugua nini.